Mwongozo wa Kupiga Picha za Karibu za Kereng'ende Anapojivua Ganda

Kereng'ende anayezungumziwa hapa ni mdudu, si ndege wa jamii ya kwale anayeitwa kwa jina hilohilo. Ni yule mwenye mabawa manne yanayong'aa kama kioo, ambaye baada ya mvua za vuli huruka kwa makundi juu ya viwanja vya mpira vya Dar es Salaam, na watoto wakamfukuza hadi giza linapoingia. Sehemu kubwa ya maisha yake haionekani, kwa kuwa anaipitisha majini akiwa tunutu, mdudu wa rangi ya tope asiyeweza kuruka, ambaye hujivua ngozi mara kumi hivi au zaidi kadiri anavyokua. Hapitii hatua ya bundo kama kipepeo. Siku yake inapowadia hupanda juu ya unyasi, mgongo wake hupasuka, na kereng'ende kamili hujitoa ndani ya ngozi ile ya mwisho. Tukio zima huchukua kati ya saa moja na saa tatu hivi, na aghalabu hutokea usiku.

Baada ya misimu kadhaa ya kazi hii naamini kwamba mpiga picha mwenye lenzi ya kawaida, anayejua mahali na saa, humpita mbali mwenye lenzi ya gharama anayefika baada ya jua kuchomoza. Asubuhi kwa kawaida limebaki ganda tu. Kwa sababu hiyo nashauri kazi ianzie kwenye hilohilo ganda.

Hatua ya kwanza: tafuta maganda mchana

Ganda la tunutu lina rangi ya majani makavu na hubaki limeng'ang'ania unyasi au ukuta kwa makucha yake yote, kana kwamba mwenyewe bado yumo ndani. Mgongoni lina mpasuko, na katika mpasuko huo hutokeza nyuzi nyeupe nyembamba, ambazo ni utando wa mirija aliyokuwa akipumulia. Ukiona ganda, usiling'oe. Pima liko urefu gani kutoka kwenye maji, angalia limeelekea upande gani, na chunguza limeshika kitu cha aina gani, kwa maana tunutu wengine watakaotoka katika dimbwi hilo watachagua mahali panapofanana na hapo. Maganda matano kwenye kipande kimoja cha ukingo yatakuonyesha mahali pa kuweka kamera usiku kuliko maelezo yoyote niwezayo kuandika.

Tafuta kwenye maji baridi yaliyotulia. Mikoko na midomo ya mito ambako maji ya chumvi hupanda na bamvua haitakupa kitu cha maana. Mahali pazuri ni mashimo yaliyoachwa na wachimba mchanga, mabwawa madogo ya samaki, matangi ya saruji yasiyofunikwa, na vile visima vifupi ambavyo wakulima wa mchicha huchimba mabondeni kwa ajili ya kumwagilia. Dimbwi lenye samaki wengi huwa na tunutu wachache, kwa kuwa samaki huwala. Dimbwi la mvua lisilo na samaki, hata likionekana la kudharauliwa, linaweza kutoa kereng'ende kwa makumi katika usiku mmoja.

Bustani nyingi za mabondeni zina wenyewe, hata pale ambapo hakuna ua. Fika mchana, msalimie mwenye shamba kwa heshima inayomstahili, na umweleze shida yako wazi: "Shikamoo mzee, naomba ruhusa nije usiku nipige picha za wadudu kwenye kisima chako." Nimeona kwamba mzee akishaelewa jambo lenyewe, yeye ndiye anayekuonyesha mahali ambapo maganda huwa mengi, kwa sababu amekuwa akiyaona miaka yote anapochota maji.

Hatua ya pili: hesabu wiki kuanzia mvua

Spishi inayomfaa zaidi anayeanza ni Pantala flavescens, kereng'ende wa rangi ya dhahabu anayehama mbali kuliko wenzake wote wanaojulikana. Mwaka 2009 mwanabiolojia Charles Anderson, aliyekuwa akifanya kazi Maldives, alichapisha hoja kwamba kereng'ende hawa huvuka Bahari ya Hindi kutoka India kupitia visiwa hivyo hadi Afrika Mashariki, wakifuata pepo na mvua. Kwa mpiga picha, jambo la msingi ni kwamba spishi hii hutaga katika madimbwi ya muda, na tunutu wake hukua upesi ili amalize kabla maji hayajakauka. Katika maji ya joto anaweza kumaliza kwa wiki tano au sita tu.

Hivyo hesabu si ngumu. Mvua kubwa ya kwanza ya vuli ikijaza dimbwi mwanzoni mwa Novemba, anza kulitembelea kila jioni kuanzia wiki ya pili ya Desemba. Masika nayo, kati ya Machi na Mei, hesabu yake ni hiyohiyo. Dimbwi linalokauka ndani ya wiki tatu liache, hata kama kereng'ende walionekana wakitaga humo, kwa kuwa tunutu wake watakufa kabla ya siku yao. Andika tarehe ya mvua katika daftari, maana baada ya mwezi mmoja kumbukumbu huchanganya.

Hatua ya tatu: mtambue tunutu aliye tayari

Siku chache kabla ya kutoka, tunutu huacha kula. Vifuko vya mabawa mgongoni, ambavyo awali vilikuwa vimelala bapa, huvimba, na macho huonekana makubwa zaidi. Husogea kwenye maji ya kina kifupi, na hatimaye utamwona ameshika unyasi huku kichwa na kifua vikiwa nje ya maji, kwa sababu anaanza kupumua hewa badala ya kutegemea matamvua yaliyomo ndani ya sehemu ya nyuma ya utumbo wake. Ukimwona katika hali hiyo jioni, uwezekano ni mkubwa kwamba atapanda usiku huohuo.

Ikiwa dimbwi liko mahali pasipo salama usiku, na mabonde kadhaa ya jiji letu yako hivyo, unaweza kumhamishia tunutu mmoja au wawili nyumbani. Tumia beseni lenye maji ya dimbwi lenyewe au ya mvua. Maji ya bomba yenye dawa usiyatumie. Simamisha vijiti vikavu vyenye ngozi ya kukwaruza, unene wa penseli, vitokeze angalau sentimita 30 juu ya maji, na ufunike beseni kwa kipande cha chandarua kisichogusa vijiti hivyo. Kila tunutu awe na chombo chake, kwa kuwa hulana bila huruma. Chakula chao ni viluwiluwi vya mbu, ambavyo katika msimu wa mvua havikosekani kwenye makopo ya jirani. Weka beseni barazani, mbali na feni na mbali na njia ya sisimizi. Kereng'ende akishakomaa mwachie aruke, na kama bado kuna tunutu asiyekuwa tayari mrudishe dimbwini kwake.

Kwa wale watakaokwenda bondeni, mambo machache hayana mjadala. Usiende peke yako. Vaa mabuti ya mpira na usiingie majini na ngozi tupu, kwa kuwa maji yaliyotuama yanaweza kuwa na kichocho, na mabonde yanayopokea maji machafu ya jiji yana hatari zaidi ya hiyo. Vaa mikono mirefu kwa ajili ya mbu. Dawa ya kujipaka ya kufukuza mbu ipakwe kabla ya kutoka, kisha viganja vioshwe kwa sabuni, kwa sababu baadhi ya dawa hizo huharibu plastiki ya kamera, na hazifai kabisa kugusa unyasi ambao mdudu laini ataushika.

Hatua ya nne: andaa vifaa kabla ya giza

Wengi hufikiri kwamba kazi hii inataka ukuzaji mkubwa kadiri iwezekanavyo. Nami nilianza hivyo, na picha zangu za mwanzo zote zilikatwa mkia au mabawa. Tunutu wa Pantala ana urefu wa sentimita mbili na nusu hivi, lakini kereng'ende anayetoka ndani yake, akishanyooka, hukaribia sentimita tano, na wakati wa kutoka huning'inia nyuma kabisa, mbali na ganda. Katika kamera yenye kihisi (kibamba cha ndani kinachopokea picha) cha milimita 36 kwa 24, ukuzaji wa ukubwa halisi, yaani mdudu akitua kwenye kihisi kwa ukubwa wake uleule, unaonyesha eneo la milimita 36 kwa 24 tu, ambalo halitoshi. Ukuzaji wa nusu unaonyesha milimita 72 kwa 48, na wa theluthi milimita 108 kwa 72. Anza na theluthi, kamera ikiwa imesimama wima, kisha sogea karibu baadaye kwa ajili ya macho na mabawa.

Kuna sababu ya pili ya kutokukimbilia ukuzaji mkubwa, nayo ni kina cha fokasi. Kwa kamera hiyohiyo na tundu la lenzi linalopitisha mwanga likiwa f/11 (namba ikiwa kubwa, tundu ni dogo), sehemu inayoonekana kali katika ukubwa halisi ni takriban milimita 1.3 tu, katika nusu ni takriban milimita 4, katika theluthi inakaribia milimita 8. Kufunga tundu zaidi hadi f/22 hakusaidii sana, kwa sababu mwanga unaopita kwenye tundu dogo husambaa na picha nzima hulegea. Mimi hubaki kati ya f/8 na f/11.

Lenzi ya makro, yaani ya picha za karibu, ya milimita 90 hadi 105 inafaa zaidi kwa kuwa inakuacha mbali kidogo na mdudu. Asiyekuwa nayo atumie mirija ya kuongeza urefu kati ya kamera na lenzi ya kawaida. Mirija ya milimita 25 nyuma ya lenzi ya milimita 50 inatoa ukuzaji wa karibu nusu, ingawa itakulazimu kusogea karibu. Mwenye simu yenye uwezo wa picha za karibu naye asikate tamaa, alimradi aifunge kwenye stendi na asiishike mkononi.

Stendi ya miguu mitatu ni ya lazima, pamoja na rimoti au kipima muda cha kamera ili usiguse kitufe. Weka ISO (wepesi wa kamera kuhisi mwanga) 200 hadi 400, kasi ya shata sekunde 1/160, fokasi ya mkono, na flashi kwa nguvu ndogo kama 1/16. Kwa nguvu hiyo mmweko ni mfupi kuliko sehemu ya elfu moja ya sekunde, hivyo hata upepo ukitikisa unyasi kidogo, picha haitachezacheza. Mwanga mtupu wa flashi huacha madoa meupe makali kwenye mwili wa mdudu, ambao wakati huo una unyevu na unang'aa. Uchuje kwa karatasi ya kuokea au kwa plastiki nyeupe iliyokatwa kutoka kwenye chupa ya maziwa, na kichujio kiwe kikubwa na karibu na mdudu kadiri inavyowezekana bila kumgusa.

Usiku flashi haifiki mbali, kwa hiyo nyuma ya mdudu huwa kweusi tititi. Wengine wanapenda hivyo. Mimi naona weusi huo unamnyima mdudu mahali pake, na huwa nafunga kipande cha jani la mgomba kwenye kijiti sentimita 30 hivi nyuma ya unyasi, ambacho katika picha huwa rangi ya kijani iliyotulia isiyo na umbo. Jani hilo lifungwe kabla tunutu hajapanda. Vilevile, kama kamera ilikuwa chumbani kwenye kiyoyozi, itoe nje ikiwa ndani ya begi lililofungwa nusu saa kabla ya kazi, la sivyo joto na unyevu wa pwani vitaweka ukungu kwenye kioo, na ukungu huo hauondoki upesi.

Hatua ya tano: usiku wenyewe

Dar es Salaam giza huingia karibu saa moja usiku mwaka mzima, na tunutu wengi wakubwa huanza kupanda katika saa chache zinazofuata. Kuanzia hapo hadi mgongo upasuke, wewe ndiye hatari kubwa zaidi kwake. Tunutu anayepanda akihisi mtikisiko au mwanga mkali hurudi majini, na pengine hatarudi usiku huo. Tumia tochi iliyofunikwa kitambaa, kaa umbali wa hatua mbili, wala usipige picha ya kwanza mpaka awe ametulia. Utajua ametulia anapoyumbisha tumbo lake kushoto na kulia, kisha akaacha. Ni kama anapima nafasi na kukaza makucha yake. Hapo sogeza stendi taratibu, na uiweke kamera ili uso wa lenzi uwe sambamba na ubavu wa mdudu, kwa maana katika kina cha milimita chache ni ubavu pekee unaoweza kuwa mkali kutoka kichwani hadi mwishoni mwa tumbo.

Mpasuko huanza kifuani, mgongoni, kisha hufika kichwani. Huu ndio wakati ambao picha kutoka juu ya mgongo ina thamani kuliko ya ubavuni, na kama una kamera moja tu itakubidi uchague mapema. Kifua cha rangi ya kijani hafifu hutuna, kichwa hutoka, miguu huchomolewa mmoja baada ya mwingine, na mdudu hujirusha nyuma akaning'inia kichwa chini, sehemu ya mwisho ya tumbo pekee ikiwa bado ndani ya ganda. Akishafika hapo hawezi tena kurudi majini, na unaweza kutumia flashi bila wasiwasi.

Kisha anapumzika. Mapumziko haya, ambayo yanaweza kufikia nusu saa, huwapotosha wengi, kwa kuwa hudhani mdudu amekwama au amekufa, na mkono ukawawasha kumsaidia. Anangoja miguu yake ikauke na kupata nguvu. Msimu mmoja, katika mapumziko hayohayo, niliuinamisha unyasi kwa vidole viwili ili nipate nyuma yake pawe safi zaidi. Alidondoka kwenye nyasi, na mabawa yake yakakauka yakiwa yamekunjamana, hakuruka kamwe. Mabawa hukunjuka mara moja tu maishani mwake, na kosa la dakika hiyo halina tiba. Tangu siku ile unyasi wenye mdudu siugusi, hata kama jani limepita mbele ya jicho lake na kuiharibu picha.

Mapumziko ni wakati wa kufanya kazi ya utulivu. Mdudu hatikisiki, hivyo ni nafasi yako ya kupiga picha kumi au kumi na tano mfululizo, kila moja fokasi ikisogezwa chini ya milimita moja, ili baadaye uziunganishe kwa programu na kupata picha moja kali kote. Hakikisha hakuna upepo. Angalia pia betri na kadi ya kumbukumbu, kwa kuwa kinachofuata hakisubiri.

Ghafla atajikunja juu, atalishika ganda kwa miguu, na atachomoa tumbo lote. Mwendo huu ni wa sekunde chache, na hauna dalili ya kutegemewa isipokuwa miguu kuanza kuchezacheza kabla yake. Kidole kiwe tayari kwenye rimoti. Baada ya hapo mabawa, ambayo yalikuwa vibonge vidogo vyenye mikunjo, huanza kujaa kwa damu inayosukumwa ndani ya mishipa yake, na katika robo saa hivi hufikia urefu wake kamili. Kwa dakika hizo yana weupe wa maziwa. Baadaye huwa angavu na kung'aa kupita yatakavyong'aa tena. Hapa hamisha flashi ikae nyuma kidogo na pembeni ya mdudu, ili mwanga upenye kwenye bawa na kuonyesha mishipa yake. Mwanga wa mbele hulifanya bawa kuwa bamba jeupe.

Mabawa yakishakunjuka, damu hurudishwa mwilini na tumbo huanza kurefuka na kuwa jembamba. Utaona matone ya maji safi yakidondoka kutoka mwishoni mwa tumbo. Ni maji ya ziada anayoyatoa, na tone moja likinaswa na flashi linapendeza sana. Anayetaka video ya kuharakisha tukio aiwekee kamera mpango wa picha moja kila sekunde 30: kwa saa mbili atapata picha 240, ambazo kwa kasi ya picha 24 kwa sekunde ni video ya sekunde kumi.

Katika saa hizi adui wa mdudu ni sisimizi, chura na buibui. Kuhusu chura na buibui, msimamo wangu ni kuacha mambo yaende yalivyo. Sisimizi wanaofuata njia niliyoifungua mimi kwa kulaza nyasi ni jambo jingine, na hao nawazuia, kwa sababu nisingekuwapo wasingefika.

Kwa muda mrefu kereng'ende atabaki amefunga mabawa pamoja juu ya mgongo. Yakifunguka na kulala wazi pande mbili, ameshakaribia kuondoka. Wengi huondoka kabla ya jua kuchomoza, wakati anga la mashariki linaanza kupauka, baada ya kutetemesha mabawa kwa dakika kadhaa ili kupasha misuli joto. Mruko wa kwanza ni dhaifu, na usijaribu kuufuata kwa lenzi ya makro.

Ukikosa usiku, usiiache asubuhi. Kereng'ende wadogo wembamba, wale wanaokunja mabawa juu ya mgongo wanapotua, wengi wao hutoka kati ya asubuhi na mchana, hawajirushi nyuma kichwa chini, na humaliza upesi zaidi. Ni wazuri kwa mazoezi, kwa kuwa mwanga wa asili unatosha na hakuna mbu wengi.

Hatua ya sita: chukua ganda

Kereng'ende akishaondoka, ndipo ganda linaruhusiwa kung'olewa. Lishike kwa vidole viwili kwenye kifua, si kwenye miguu, na liinue polepole hadi makucha yaachie. Aliyetoka jana usiku bado hana rangi zake kamili, na mara nyingi ganda husaidia kumtambua spishi yake kuliko picha ya mdudu mwenyewe, hasa kwa umbo la ile taya ya chini inayokunjwa chini ya kichwa, ambayo tunutu huichomoa ghafla kukamata windo. Litie kwenye kiberiti kitupu chenye pamba kidogo, na juu yake andika tarehe, jina la bonde au mtaa, kimo kutoka kwenye maji, saa mgongo ulipopasuka na saa mdudu aliporuka, pamoja na namba ya picha ya kwanza na ya mwisho.